Saini Peke Yake Haitoshi

Serikali inapotia saini mkataba wa kimataifa, wananchi wengi hudhani kuwa kazi imekwisha. Sivyo. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Na hata ukisharidhiwa, mkataba haugeuki kuwa sheria ya nchi mpaka itungwe sheria ya kuutekeleza. Ni kweli kuwa mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza iliitegemea mikataba ya namna hiyo ilipompa mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo, lakini haki ya raia haifai kungojea ushujaa wa jaji mmoja.

Kwetu sisi wa Visiwani jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa tunaishi chini ya katiba mbili. Mambo ya nchi za nje ni ya Muungano tangu mwaka 1964. Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwezi Desemba 1992 palizuka mabishano makubwa, na Agosti 1993 ikajitoa. Wengi walisononeka, lakini Katiba ndiyo iliyokata shauri.

Basi Muungano ndio unaotia saini. Lakini malezi ya watoto, ardhi na kilimo si mambo ya Muungano. Sheria zake hapa kwetu hutungwa na Baraza la Wawakilishi. Hapo ndipo ahadi zinapolala. Mkataba wa Haki za Mtoto uliridhiwa na Jamhuri mwaka 1991. Bara ilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009, na Zanzibar mwaka 2011. Miaka ishirini! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kuridhiwa alikwisha kuwa mtu mzima, pengine naye ana mtoto wake, kabla sheria hiyo haijamfikia. Na muda wote huo dola ilikuwa imefungwa na neno lake mbele ya mataifa, kwani Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969, katika ibara ya 27, hauikubali sheria ya ndani kuwa udhuru.

Wako watendaji wanaoiona ibara ya 132 ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 kuwa ni usumbufu, kwa sababu inataka hata sheria ya Bunge ihusu mambo ya Muungano na ipelekwe mbele ya Baraza na Waziri anayehusika. Hatukubaliani nao. Usumbufu ni majalada kukaa makabatini.

Tunataka kila mkataba unaogusa jambo lisilo la Muungano uletwe Barazani kabla ya kuridhiwa, uletwe kwa Kiswahili, na Waziri ataje tarehe ya kuwasilisha mswada wake. Hata ile mikataba ya Muungano, kama ule wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 wenye kutaja maili 200, mvuvi wa Nungwi anastahiki kuusoma kwa lugha yake.