Mgeni Aje na Nyumba Yake

Kila ufikapo mwezi wa Mei, baridi ianzapo kuuma katika miji ya kusini mwa Australia, barabara kuu za nchi hiyo hujaa wasafiri wa namna ya peke yake. Huelekea kaskazini kulifuata jua, na kila mmoja amechukua nyumba yake. Wengine wameifunga nyuma ya gari kama tela. Hiyo huitwa karavani, neno ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ni msafara. Wengine nyumba na gari lao ni kitu kimoja, nasi katika safu hii tutakiita gari-nyumba. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, jokofu, tangi la maji na choo. Nyuma ya usukani aghalabu utamkuta mzee aliyestaafu kazi, na kando yake mkewe amekunjua ramani. Waaustralia wamewapa watu hawa jina la utani: wahamaji wenye mvi.

Ndugu msomaji asije akadhani kwamba wote hawa ni matajiri. Matajiri wamo, lakini wamo pia watu walioishi kwa mshahara maisha yao yote: walimu, wauguzi, mafundi wa bomba, madereva wa treni. Nchi ile ina desturi moja ambayo mfanyakazi wa mahali popote angependa kuisikia. Katika miaka ya 1860 makoloni ya Victoria na Australia Kusini yaliwapa watumishi wa serikali likizo ndefu ili wapate kupanda meli na kwenda Uingereza kuwaona jamaa zao, maana safari hiyo ilikula miezi. Meli zile zikapitwa na wakati, likizo ikabaki. Mwaka 1951 jimbo la New South Wales liliifanya kuwa haki ya wafanyakazi kwa jumla, na majimbo mengine yakafuata. Leo, katika New South Wales na Queensland, aliyemtumikia mwajiri mmoja kwa miaka kumi hupata majuma manane na theluthi mbili ya mapumziko yenye malipo, mbali na likizo ya kila mwaka. Tena tangu 1992 sheria humlazimu mwajiri kumwekea mfanyakazi akiba ya uzeeni, na tangu Julai 2025 akiba hiyo ni asilimia 12 ya mshahara. Si ajabu basi kwamba fedha hiyo, mtu akiisha kustaafu, hugeuka magurudumu.

Nyuma ya baadhi ya karavani hizo hubandikwa maneno ya mzaha: kwamba wenye gari wanatumia urithi wa watoto wao. Kwa masikio yetu mzaha huu una ukali wake. Kwetu mzee akistaafu hutazamiwa arudi nyumbani, ajenge, na wajukuu wamzunguke. Mzee wa kule hufunga mlango akaondoka kwa miezi minne au sita, na binti yake aliyezoea kumwachia mtoto mchana itambidi atafute mlezi wa kumlipa. Kila ukoo upime wenyewe jambo hili. Mimi nasita kumlaumu mtu aliyedamka kwa saa ya kiwanda miaka arobaini, kisha akataka kuiona nchi aliyoijenga.

Na nchi yenyewe si ya kuonwa kwa siku mbili. Ukubwa wake ni zaidi ya mara nane ya Tanzania Bara na Visiwani, nao watu wake ni kiasi cha milioni 27, walio wengi wakiwa wamesongamana katika miji michache ya pwani. Ukiingia bara utakuta miji ya watu elfu moja au mbili, na kutoka mmoja hadi mwingine ni mwendo wa saa nzima au zaidi. Mashine zimechukua kazi za mashambani, vijana wamefuata vyuo na ajira pwani, na benki zimefunga matawi yake mengi. Mji wa namna hiyo unapoyatazama magari yakipita kila siku bila kusimama, halmashauri yake hujiuliza: tufanye nini wasimame?

Jawabu la kwanza lilikuwa ngoma. Tamworth, mji wa New South Wales uliotangulia kuwasha taa za umeme mitaani mwaka 1888, ulianza mwaka 1973 kuwatunza waimbaji wa muziki wa mashambani kwa zawadi ya gitaa dogo la rangi ya dhahabu. Sherehe ikakua hata ikawa ya siku kumi kila Januari, na mwaka 1988 ikasimamishwa kando ya barabara kuu sanamu ya gitaa hilo yenye kimo cha meta 12. Hoteli za mji haziwezi kuwameza wageni wote wa majuma hayo. Kwa hiyo kingo za mto Peel hugeuzwa kambi, karavani kwa mamia zikipangwa safu kwa safu, na asubuhi utadhani ni mji wa pili ulioota usiku.

Parkes, mji wa watu wapatao elfu kumi na moja, una kisa cha kuchekesha zaidi. Mji huu una darubini ya redio yenye kipenyo cha meta 64, iliyofunguliwa mwaka 1961, ambayo ilisaidia kupokea picha za watu wa kwanza kukanyaga mwezi mwaka 1969. Ungetazamia ujisifie hiyo. Lakini kinachoujaza mji ni Elvis Presley, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1977, ambaye hakuwahi kukanyaga Australia hata siku moja! Mwaka 1993 wapenzi wake wapatao mia mbili walikusanyika kuadhimisha siku aliyozaliwa, tarehe 8 Januari. Siku hizi huja zaidi ya 20,000. Januari kule ni joto la kuchoma, ngano imekwisha vunwa, na maduka yalikuwa yakisinzia. Sherehe ikaziba pengo hilo. Vitanda vikiisha, wenyeji hukodisha vyumba vya nyumbani kwao, na wenye karavani hupewa viwanja.

Huko mbali zaidi, ukingoni mwa jangwa katika Queensland, kipo kijiji cha Birdsville chenye wakazi wapatao mia moja. Mbio zake za farasi zilianza mwaka 1882, nazo huvuta maelfu ya watu kila Septemba. Sehemu ya mapato huenda kwa shirika la madaktari wa ndege, lililoanzishwa mwaka 1928 kuwafikia wagonjwa walioko mamia ya kilometa mbali na hospitali. Zamani mizigo ya nyika zile ilipita mgongoni mwa ngamia, wakiongozwa na watu kutoka Afghanistan na Bara Hindi. Hiyo ndiyo iliyokuwa karavani ya kweli.

Lakini sherehe ni ya siku tatu au kumi, na mwaka una siku 365. Mwaka 2021 Tamworth na Parkes zilikosa kabisa sherehe zao za Januari kwa sababu ya UVIKO-19, na mji uliotegemea ngoma tupu ungalikufa njaa mwaka ule. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo, kwa maoni yangu, linastahili kusifiwa kuliko gitaa la meta 12.

Wasafiri hawa wana chama chao, Campervan and Motorhome Club of Australia, chenye wanachama makumi ya maelfu. Chama hiki kina utaratibu wa kuutambua mji unaowafaa wasafiri. Mji hautambuliwi kwa hotuba ya kukaribisha wala kwa uzuri wa bustani zake. Huulizwa maswali ya mpishi na ya mfagizi. Je, pana mahali pa kulaza gari saa 24, na ikiwezekana 48, karibu na maduka? Je, pana bomba la maji ya kunywa? Pana duka la vyakula, duka la dawa, na daktari au huduma ya kwanza? Pana ofisi ya kumpa mgeni ramani ya mji, na mbele yake nafasi ya kuegesha chombo kirefu? Na je, pana shimo la kumwagia maji ya choo? Mji unaotimiza hayo huweka kibao barabarani, na mpita njia hujua kabla hajapunguza mwendo.

Niruhusiwe kukaa kidogo kwenye shimo hilo, ingawa hili ni gazeti la Jumapili na huenda msomaji yuko mezani. Gari-nyumba huchukua uchafu wake katika tangi, na tangi hilo hutiwa dawa kali ya kuua harufu. Likimwagwa porini huharibu kijito. Likimwagwa katika choo cha shimo cha bustani ya watoto, dawa ile huua vijidudu vinavyoozesha uchafu, na choo huzidiwa. Shimo la kufaa ni sahani ya saruji yenye mfuniko, iliyounganishwa na mabomba ya maji taka ya mji, na kando yake mpira wa kusuuzia. Chama chenyewe kimekuwa kikizisaidia halmashauri kupata vifaa, mradi halmashauri ichimbe na kujenga. Kitu kidogo cha kuchukiza kama hicho humfanya mgeni aingie mjini badala ya kupita. Na akiisha kuingia atanunua mafuta, nyama, mkate, gesi, pengine na mpira wa gari.

Basi pakazuka ugomvi. Katika miji mingi yumo mtu mwenye kiwanja cha karavani cha kulipia. Huyo hulipa kodi, hulipa maji na umeme, huajiri watu wa kufagia vyoo. Siku moja anaona halmashauri, ambayo yeye mwenyewe ni mlipa kodi wake, imewafungulia wageni uwanja wa bure nusu kilometa kutoka langoni kwake. Je, ana haki ya kununa? Anayo. Tena anayo sheria ya kuegemea, kwa maana tangu 1995 serikali za Australia zimekubaliana kwamba mamlaka ya umma ikifanya biashara isijipe nafuu ambayo mfanyabiashara wa kawaida hana. Wenye magari nao hujibu kwamba aliyebeba maji, taa na choo chake hahitaji kulipia bafu na bwawa la kuogelea asivyovitumia, na kwamba akilazimishwa ataendelea na safari, hivyo mwokaji na muuza nyama nao watakosa.

Halmashauri nyingine zimefunga viwanja vyao, nyingine zimepunguza saa, nyingine hutoza ada ndogo. Mimi naona wenye busara ni wale walioweka mpaka wa muda na wakauangalia ukafuatwa: uwanja wa bure uwe wa magari yanayojitosheleza tu, saa 48 zikiisha mtu aondoke, au ahamie kwenye kiwanja cha kulipia. Sisi tunayo methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza maana ya ujamaa. Saa 48 ni siku mbili barabara. Na jembe pia lipo, kwani baadhi ya wahamaji hawa hukaa mahali majuma kadhaa wakijitolea: fundi umeme mstaafu hutengeneza nyaya za ukumbi, mwalimu mstaafu husomesha watoto, wengine hupaka rangi uzio wa uwanja wa maonyesho.

Ningepewa nafasi ya kuuona mji mmoja tu kati ya miji hii, ningechagua Barcaldine katika Queensland, zaidi kidogo ya kilometa 1,000 kutoka Brisbane. Ni mji mdogo, mitaa yake imepewa majina ya miti, na maji yake hutoka chini sana ardhini. Mwaka 1891 wakata manyoya ya kondoo waligoma, wakitaka waajiriwe kwa masharti ya chama chao, wakapiga kambi zao nje ya mji huu. Tarehe 1 Mei waliandamana zaidi ya elfu moja, mamia yao wakiwa juu ya farasi, katika mojawapo ya maandamano ya mwanzo kabisa ya Mei Mosi duniani. Serikali ilileta askari, viongozi wakakamatwa, wakahukumiwa miaka mitatu kisiwani St Helena, na mgomo ukavunjika. Lakini chini ya mti mkubwa mbele ya stesheni ya reli, mahali walipokuwa wakikutania, mwaka 1892 ilisomwa ilani ya chama cha wafanyakazi cha Queensland. Waraka huo sasa umo katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia.

Mti ule uliitwa Mti wa Maarifa. Mwaka 2006 mtu asiyejulikana aliumwagia sumu, ukafa. Wenyeji hawakuung'oa. Shina lilitiwa dawa likahifadhiwa pale pale, na mwaka 2009 likafunguliwa jengo la ukumbusho juu yake, ambamo maelfu ya vipande vya mbao vimening'inizwa mfano wa majani. Kila mwaka, sikukuu ya wafanyakazi iangukiapo Jumatatu ya kwanza ya Mei, mji hufanya sherehe iliyochukua jina la mti huo. Wahamaji huwa ndio kwanza wanapanda kaskazini, na wamo miongoni mwao waliowahi kulipa ada ya chama kila mwezi wa maisha yao ya kazi. Hutazama maandamano, hununua nyama ya kuchoma, huingia chini ya zile mbao na kuligusa shina. Jumanne asubuhi humwaga matangi yao, hujaza maji, na kushika njia ya Longreach, kilometa 107 mbele.