Picha za bibi hazionekani kwenye flashi? Subiri kabla ya kufomati

Jumatano jioni, katika nyumba moja ya Kimara jijini Dar es Salaam, mama alichomeka flashi ya familia kwenye kompyuta ili achague picha ya kuchapisha kwa ajili ya arobaini ya mama yake mzazi. Ndani hakukuta folda hata moja. Kulikuwa na kitu kimoja tu: alama ya diski yenye mshale mdogo pembeni, na jina lake ni lile lile la flashi. Picha za bibi za miaka sita hazikuonekana, na hapakuwa na nakala nyingine popote.

Kijana wao wa kidato cha nne alihisi tatizo limeanzia wapi, ila alinyamaza. Siku mbili kabla alikwenda duka la kutolea kopi kuchapisha kazi ya shule, akarudi na flashi yake ikiwa na mishale ya namna hiyo. Alibofya, folda ikasitasita kidogo kisha ikafunguka, kazi yake ikaonekana, naye akachukulia kuwa mambo ni sawa.

Baba alikuwa ameshampigia simu fundi wa mtaani, na fundi alikuwa ameshajibu kwamba dawa ni moja: kufomati flashi na "kupiga Windows" upya. Kilichookoa picha zile ni simu ya pili, kwa mdogo wa kiume wa mke wake, ambaye kazi yake ni kompyuta.

"Shemeji, usifomati chochote," alisema. "Hebu angalia hiyo flashi imejaa kiasi gani."

Ilikuwa flashi ya GB 16, na zaidi ya GB 9 zilikuwa zimetumika. Flashi tupu haiwezi kuwa imejaa zaidi ya nusu. Picha zilikuwemo, zilikuwa zimefichwa tu.

Hivyo ndivyo kirusi cha mshale kinavyofanya kazi, na ndicho ambacho familia nyingi hukutana nacho kwa sababu flashi huzunguka shuleni, ofisini na kwenye maduka ya kuchapa. Hakifuti faili. Kinazipa alama ya kufichwa, kisha kinaweka njia za mkato zenye majina yale yale. Anayebofya njia ya mkato anakiamsha kirusi kwanza, na mara nyingi folda halisi hufunguka baada ya hapo ili asishtuke. Tangu wakati huo, kila flashi itakayochomekwa kwenye kompyuta hiyo itapata ugonjwa huo huo. Kwa mzazi, maana yake ni kwamba kufomati ndiyo hatua pekee ambayo ingezipoteza picha kweli, na ndiyo iliyokuwa imependekezwa kwanza.

Kama hali hii ipo nyumbani kwako, mpangilio wa hatua una umuhimu mkubwa. Zima intaneti ya kompyuta hiyo, iwe ni Wi-Fi au simu iliyounganishwa. Toa flashi na diski zote. Usiingie kwenye akaunti ya benki wala barua pepe kupitia mashine hiyo, kwa kuwa kirusi kimoja kinaweza kuwa kimewafungulia mlango wengine wanaoiba nywila.

Kinachofuata ni kuisafisha kompyuta, si flashi. Hapa wengi hukosea: wanarudisha faili kwanza, zinaonekana kwa dakika mbili, kisha kirusi kilichobaki ndani ya kompyuta kinazificha tena. Windows 10 na Windows 11 zina antivirusi yake yenyewe, Microsoft Defender, isiyolipiwa. Washa intaneti kwa muda mfupi ili isasishwe, kisha fungua Windows Security, nenda Virus & threat protection, halafu Scan options, na uchague ukaguzi wenye neno Offline. Kompyuta itajizima, iwake na kujikagua kabla Windows haijaanza kazi, yaani kabla kirusi hakijapata nafasi ya kuamka na kujificha. Huchukua kama dakika 15. Hakikisha chaji ipo, maana umeme ukikatika katikati utaanza upya. Baada ya hapo fanya ukaguzi kamili, Full scan, ambao unaweza kuchukua saa kadhaa. Uache uendelee usiku.

Kompyuta ikishakuwa safi, ndipo flashi irudishwe na ikaguliwe nayo. Kwenye dirisha la mafaili kuna sehemu ya View yenye chaguo la Hidden items. Ukiliwasha, faili zilizofichwa huonekana kwa rangi iliyofifia. Zisipoonekana, ni kwamba zimepewa pia alama ya faili za mfumo. Fungua Command Prompt, hakikisha flashi imepewa herufi gani, na kama ni E andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, usubiri. Amri hiyo huondoa alama za kuficha, haifuti kitu. Kisha nakili picha na nyaraka peke yake. Programu na njia za mkato zilizomo kwenye flashi ziache, kisha flashi ifomatiwe. Sasa ndiyo zamu ya kufomati.

Nyumbani Kimara, picha za kwanza zilionekana saa nne usiku. Lakini mjomba hakuridhika. Aliuliza swali ambalo baba hakulitarajia: Defender ilikuwa wapi siku zote hizo? Kirusi cha aina ile ni cha zamani, na antivirusi iliyosasishwa kwa kawaida hukikamata mara flashi inapochomekwa.

Ilikuwa imezimwa. Mwaka uliopita fundi aliwawekea programu za ofisi za "kraki", zile zinazolipiwa ambazo mtu amezivunja kufuli ili zitumike bure. Kraki nyingi haziwezi kuwekwa bila kuzima ulinzi kwanza, na aliyezima hakukumbuka kuwasha, au hakutaka, kwa sababu ulinzi ukiwashwa ungeikamata kraki yenyewe. Familia ilikuwa imekaa zaidi ya mwaka mlango wazi, ikidhani imeokoa fedha. Kwa kazi za shule na barua, LibreOffice ni ya bure kihalali na inafungua nyaraka za Word. Hakuna sababu ya kuhatarisha kompyuta ya nyumbani kwa ajili ya kraki.

Watoto nao wana kraki zao: magemu ya bure, programu za kudanganya ndani ya gemu, filamu zinazopakuliwa kwenye tovuti zenye vitufe vitano vya "pakua" ambavyo vinne ni mitego. Kumfokea mtoto hakusaidii sana, maana atajifunza kunyamaza kama alivyonyamaza yule kijana, na siku mbili za ukimya ndizo zilizokipeleka kirusi kwenye flashi ya mama. Linalosaidia ni kumfungulia akaunti yake ya kawaida kwenye kompyuta, isiyo ya msimamizi. Programu nyingi zinazotaka kubadili mfumo zitaomba nywila ya mzazi, na mzazi atajua kuna kitu kinaingia.

Si kila kirusi kina huruma ya kuficha tu. Mei 12, 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kufunga faili kwa msimbo na kudai fedha, kuanzia dola 300 za Marekani kwa kila kompyuta. Kilizifikia zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya maelfu ya wagonjwa, na baadhi zilielekeza magari ya wagonjwa kwingine. Kinachouma ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu hilo Machi mwaka huo huo. Walioathirika walikuwa hawajaliweka.

Kwa hiyo ujumbe wa kusasisha ambao watu huuahirisha kila jioni wakihofia bando kuisha si wa kupuuzwa. Uwekee siku moja kwa mwezi kama bando ni tatizo. Pia, angalia kompyuta yako inatumia Windows ipi. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 7 Januari 14, 2020, na ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kama mashine inaweza kupanda hadi Windows 11, ipandishe. Kama haiwezi, usiifanyie mambo ya fedha.

Faili zikifungwa kwa msimbo, amri ya attrib haitasaidia, na kulipa hakukupi uhakika wa kurudishiwa. Zihifadhi faili zilizofungwa, usizifute, kisha tafuta tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Inatoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo. Si vyote.

Ndiyo maana nakala ya pili ndiyo kinga yenye nguvu kuliko antivirusi yoyote. Diski ya nje iliyochomekwa muda wote haihesabiki, kwa kuwa kirusi kitaifikia nayo. Nakili, chomoa, weka kabatini. Picha chache muhimu zinaweza kukaa pia kwenye akaunti ya Google, ambayo hutoa GB 15 bila malipo. Na usiweke antivirusi mbili kwa pamoja ukidhani ulinzi unaongezeka. Huzozana zenyewe kwa zenyewe na kompyuta inakuwa nzito.

Kirusi kikirudi baada ya usafi wote, hapo kuweka Windows upya ni sahihi, mradi nakala zimeshatolewa na Windows yenyewe imepakuliwa kutoka Microsoft, si kwenye flashi ya fundi. Kisha badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi, ukianza na ya barua pepe, kwa maana hiyo ndiyo inayofungua nyingine zote.

Alhamisi asubuhi mama alichapisha picha aliyoitaka, bibi akiwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nakala za nyingine alimtumia dada yake Tanga. Kijana sasa hutuma kazi zake dukani kwa barua pepe, na flashi yake imebaki kwenye droo. Baba alimpigia fundi kumwambia asije, ila hakumweleza sababu.