MOSHI WA GARI LILILOSIMAMA NAO UHESABIWE



Kila asubuhi maelfu ya wafanyi kazi wa Nairobi hushika njia kwa miguu, Jogoo Road na Landhies Road, kwenda mjini na Industrial Area. Kando yao magari hupita yakitoa moshi. Wengi wetu twadhani moshi hauna hesabu, maana haushikiki wala hauwekwi juu ya mizani. Sivyo. Moshi unayo hesabu yake, na hesabu hiyo yatuhusu.

Wataalamu hufanya hivi. Huhesabu magari yapitayo katika kipande cha barabara kwa saa moja, wakiyagawa kwa aina: pikipiki, motokaa, matatu, basi na lori, ya petroli na ya dizeli, makuukuu na mapya. Kisha huzidisha kwa urefu wa kipande hicho, tena kwa gramu za uchafu ambazo gari la aina ile hutoa kila kilomita. Tuseme, kwa mfano tu, malori 100 yapita kwa saa katika kilomita 2, na kila lori latoa nusu gramu ya masizi kwa kilomita. Jibu ni gramu 100 kwa saa. Wakimaliza barabara zote huchora ramani ya mji yenye miraba, na mraba wenye uchafu mwingi hutiwa rangi iliyokoza. Kwa ramani hiyo wakubwa waweza kuamua stendi iwekwe wapi na malori yapite njia gani.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini ina tundu, na sisi watu wa reli twaliona upesi. Injini ya treni ikisimama stesheni ikinguruma yachoma mafuta, ingawa haikusogea hata hatua moja. Ndivyo ilivyo matatu ikingoja abiria nusu saa bila kuzimwa. Ukizidisha kwa kilomita sifuri, jibu ni sifuri. Katika karatasi gari hilo halina moshi. Lakini makanga yuko mlangoni, mama muuza ndizi ameketi kando, na askari wa trafiki amesimama katikati. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mtaalamu hodari huongeza saa za kusimama, lakini sharti mtu azipime kwanza. Tena, gramu za kila kilomita mara nyingi huchukuliwa katika vitabu vya Ulaya. Gari lililochoka, ambalo chujio lake la moshi limeng'olewa, halifanani na gari la kitabuni.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2012 shirika la kuchunguza saratani, lililo chini ya Shirika la Afya la Dunia, lilitamka kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa binadamu. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwa wafanyi kazi wenzetu wa reli wa Marekani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuata watu karibu 55,000, tangu 1959 hata 1996. Walioendesha na kuhudumu katika treni walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wenzao waliokuwa mbali na moshi, kwa kadiri ya 40 kwa 100. Hayo yalijulikana kwa sababu kazi ya kila mtu ilikuwa imeandikwa. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapati haki.

Wala tusimlaumu dereva. Dereva ni mfanyi kazi kama sisi. Mara nyingi haizimi injini kwa kuwa betri ni mbovu na tajiri hataki kununua nyingine.

Basi twadai mambo matatu. Kwanza, kila hesabu ya moshi wa mji itie saa za magari kusimama katika steji, stendi na milango ya viwanda. Pili, juu ya ramani ya moshi iwekwe ramani ya watu: wangapi hufanya kazi hapo, na kwa saa ngapi kila siku. Tatu, ramani hiyo ibandikwe mahali mfanyi kazi aweza kuisoma, kwa lugha aijuayo.

Mtu asiseme kazi hii ni ya wakubwa peke yao. Ramani ya njia za matatu za Nairobi iliyotolewa mwaka 2014, yenye njia zaidi ya 130, ilipatikana kwa wanafunzi kupanda matatu wakiwa na simu mkononi. Sisi nasi tunazo saa, kalamu na macho. Kila tawi lichague steji moja, liandike kwa juma moja magari mangapi husimama bila kuzimwa, na kwa dakika ngapi. Leteni karatasi hizo kwa katibu wa tawi. Siku tutakapokwenda mbele ya wakubwa, twende na hesabu yetu mkononi, si kikohozi peke yake.

Umoja ni nguvu.

Mhariri