Logi Isikae Nyumba Moja na Mwizi

Ndugu zangu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna ofisi moja hapa pwani, sitaitaja, ilinipigia simu nikiwa nyumbani Matsangoni. Hesabu za wateja wao zimechezewa. Nikapanda matatu mpaka huko, nikafungua Event Viewer kwenye seva yao ya Windows. Katika logi ya usalama, tukio la mwanzo kabisa lilikuwa namba 1102: logi imefutwa. Nani kafuta? Administrator. Na Administrator ni nani? Watu wanne walikuwa na neno lake la siri!

Karani mmoja akafukuzwa kazi. Pengine ndiye, pengine siye. Ushahidi haukuwepo, lakini mtu alitakiwa, akapatikana yeye.

Hili ndilo linaloniudhi. Tunampa mlinzi daftari, halafu tunaliacha mahali ambapo mwizi akiingia tu atalichana. Seva inayoweza kuvamiwa haifai kuwa shahidi pekee wa uvamizi wake. Hata pasipo mwizi, logi ya usalama ya Windows Server huja na ukubwa wa MB 20 tu. Ikijaa, mapya yanafuta ya zamani. Ukiacha RDP wazi kwenye intaneti, wanaobahatisha maneno ya siri wanaweza kukujazia matukio 4625 kwa siku chache.

Dawa yake si ya mamilioni. Mimi nina kompyuta kuukuu yenye Linux, na rsyslog, ambayo ni ya bure. Windows yenyewe haitumi syslog, kwa hiyo upande ule naweka NXLog, toleo la bure. Inasoma logi na kuniletea kupitia VPN palepale tukio linapotokea. Natumia TCP, si UDP. Umeme ukikatika huku Matsangoni, NXLog inakumbuka ilipoishia; ukirudi, inaendelea.

Asubuhi kabla ya chai napiga grep tatu: 4625, walioshindwa kuingia, 4720, akaunti mpya, na 1102. Mwizi afute kwake, nakala ninayo. Na tukio 4624 lingetuonyesha aliyeingia alitokea kompyuta ipi, na saa ngapi. Yule karani angehukumiwa kwa haki.

Wataalamu wenzangu huniambia, "Windows ni Windows, Linux ni Linux, usichanganye." Upuuzi! Uzuri wake ni huo huo: aliyeiba neno la siri la Administrator hana la mashine yangu.

Mabosi nao: "Antivairasi tunayo." Haya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya inataka Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ujue kuwa data imevamiwa na watu wanaweza kudhurika. Utamwarifu nini, nawe hujui kilichotokea?

Wewe mwenye seva, nikikuuliza nani aliingia jana usiku, utanijibu? Kama huwezi, anza leo. Usingoje karani mwingine afungashiwe virago.