JE, KAZI YATOSHA KUWA MAZOEZI?



Saa ya kutoka kazini, mtu akipita langoni akikimbia, hakosi kuchekwa: "Huyu leo hakufanya kazi!" Mimi nami nilikuwa katika hao wanaocheka. Twadhani mazoezi ya mwili ni mambo ya wakubwa wenye vitambi. Lakini tuulizane. Dereva hukaa kutwa. Karani hukaa. Fundi wa cherehani hukaa. Hata yule anayesimama kwenye mashine, ni mkono mmoja tu unaorudia jambo lile lile tangu asubuhi, na mwili wote umelala.

Huko London daktari mmoja, Jerry Morris, aliwachunguza wafanya kazi wa mabasi ya ghorofa, na mwaka 1953 yeye na wenzake wakatangaza waliyoyaona. Dereva na kondakta walikuwa katika basi moja. Dereva aliketi karibu zamu nzima. Kondakta alipanda mamia ya ngazi kila siku akikata tikiti. Ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi. Baadaye Morris alitazama hata vipimo vya suruali zao za kazi, akaona madereva walikuwa wanene zaidi kiunoni, basi pengine si kiti peke yake kilichowaponza. Lakini hoja yake ilisimama. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Mimi nilianza kwa kiburi. Jumatatu nilikimbia mpaka nikatapika. Jumanne nikarudia. Jumatano magoti yalikataa, na viatu vikalala chini ya kitanda miezi minane. Nilitaka kulipa deni la miaka ishirini kwa wiki moja! Nilipoanza tena nilishika njia nyingine. Mwenzangu wa zamu na mimi twashuka kwenye matatu steji mbili kabla ya kwetu, twatembea upesi kwa nusu saa, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, nalo Shirika la Afya Duniani lasema hicho ndicho kiasi cha chini kwa mtu mzima. Siku ninayotaka kupanda gari mpaka mlangoni, yeye hunivuta shati. Peke yangu ningalikwisha acha zamani.

Lakini nisiwalaumu wafanya kazi tu. Mtu anayelazimishwa ovataimu kila jioni atafanya mazoezi saa ngapi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Tusiiuze ovyo siku hiyo. Na viongozi wetu wakienda kwa tajiri kuzungumza habari ya mishahara, waulize pia habari ya zamu ndefu, na mahali pa kuoga.

Sisi wawili twaondoka langoni Jumatatu saa 11 jioni. Mwenye presha au moyo mbovu amwone daktari kwanza. Asiye na raba aje na ndara zake, hatukimbii.