Ubao wa usalama ulifika Kolwezi, haki ya kukataa hatari ilibaki njiani

Kwenye migodi mikubwa hapa Kolwezi utaona ubao unaohesabu siku zilizopita bila ajali. Asubuhi, kabla ya zamu kuanza, wafanyakazi wanasimama duara na kofia zao, wanasikiliza maneno ya usalama. Namna hiyo ya kuongoza kazi haikuzaliwa Lualaba, ilikuja na makampuni ya kigeni. Siikatai. Ila naona tumeletewa nusu yake.

Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1996 juu ya afya na usalama migodini inampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali anapoona hatari. Ubao bila haki hiyo ni rangi tu. Hapa kwetu, kijana aliyeajiriwa na kampuni ya katikati, ile tunayoita sous-traitance, kwa mkataba wa miezi michache, atamwambia nani kwamba ukuta wa shimo unapasuka? Mmoja alinieleza kwamba alipokatwa kidole, msimamizi wake alimwomba aseme ameumia nyumbani. Ubao haukurudi kwenye sifuri.

Si mara ya kwanza tunaletewa mitindo. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza na kambi za wanaume peke yao, kama zile za Afrika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuka: mfanyakazi aje na mke, apate nyumba, posho, matibabu, shule ya watoto. Haikuwa huruma. Watu walikuwa wanakufa na kutoroka, na kutafuta wengine kila mara kuligharimu pesa nyingi. Hata hivyo Gécamines iliurithi mtindo huo, na wazee wetu mpaka leo wanausimulia. (Wanasahau fimbo, lakini posho hawaisahau.)

Kisha mwaka 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa jina la « kuondoka kwa hiari », kila mtu na kitita chake cha mara moja. Huo pia ulikuwa mtindo wa kutoka nje. Baada yake ndipo kampuni za katikati zikajaa.

Sheria ya mwaka 2017 imezitengea kampuni za Wakongomani kazi hiyo ya sous-traitance. Vizuri, lakini kubadilisha uraia wa tajiri hakurefushi mkataba wa mfanyakazi, na sendika zetu zinalisema hili kwa sauti ndogo mno.

Inspekteri wa kazi akifika mgodini asianzie kwenye ubao. Aombe mikataba ya watu wa sous-traitance, asome tarehe za mwisho. Halafu aulize ni wangapi mwaka huu walisimamisha kazi kwa sababu ya hatari, na wangapi kati yao bado wanapita kwenye lango lile.