Kivuli cha Maji Kina Mwenyewe

Siku hizi vijana wetu wamezuka na mtindo wa kuzunguka miji na kamera, wakitafuta madaraja na vivuli vyake majini. Mombasa husimama penye Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931. Nairobi huteremka Kibera mvua ikishakatika, wakapiga picha za mabati yaliyopinduka katika madimbwi, na mbao zilizolazwa juu ya mitaro watu wapate kuvuka.

Mtindo huu si mbaya hata kidogo. Ila una adabu zake, na pa kujifunzia adabu hizo ni Makina.

Makina ni mtaa wa Wanubi, Waislamu wenzetu, ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles. Jina Kibera lenyewe latokana na neno lao Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza ekari 4,197 za huko kuwa ardhi ya jeshi, askari hao wakakaa na jamaa zao. Lakini hati ya kumiliki walikaa bila kuiona hadi mwaka 2017, nayo ilikuwa ya ekari 288 tu.

Mtu aliyeitwa mgeni kwa muda huo wote hujua thamani ya picha. Mwaka 2011 mpiga picha wa Kimarekani, Greg Constantine, alizikusanya picha za zamani zilizohifadhiwa na jamaa za Kinubi, akaziunga na alizopiga mwenyewe. Picha ya namna hiyo husema bila kubishiwa: huyu ni babu yetu, na hapa ndipo alipokaa.

Je, picha ya kivuli dimbwini itasema nini? Yule mama anayevuka na ndoo hana jina, mtaa hauna jina, mwaka haujulikani. Sisi watu wa pwani twalijua jambo hili, kwani mama zetu wamepigwa picha na watalii katika vichochoro vya Mji wa Kale na Lamu bila ya kuombwa ruhusa.

Wapo watakaosema kuwa sanaa ni sanaa, na uzuri watosha. Hatukatai. Lakini uzuri haupungui kwa kuandikiwa mahali na tarehe, na vitu vyenyewe havidumu. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 pembezoni mwa Kibera, lilikuwa kioo kilichopitiwa na mashua za tanga. Baadaye magugumaji yakalifunika, kivuli kikakosa pa kukaa. Mafuriko ya mwaka 2024 nayo yaliwaonyesha watu wa Nairobi jinsi maji yanavyoweza kufuta njia na nyumba kwa usiku mmoja. Picha yenye tarehe hubaki ushahidi. Isiyo na tarehe hubaki pambo.

Basi kijana mwenye kamera na apige hodi kwanza. Asalimu, aombe ruhusa, na akikataliwa asiibie kwa mbali. Aandike jina la mahali, siku na mwaka. Kisha arudi na nakala, awape waliomo katika picha.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo uchukue, uende zako.